PICK UP SI KUOKOTA TU

Mtahiniwa, kabla hujaendelea chukua kalamu na karatasi. Soma sentensi tano zifuatazo, kisha kwa kila moja andika kwa Kiswahili maana ya "pick up" kama ilivyotumika. Usifungue kamusi.

(a) The fisherman picked up a coin from the sand.
(b) The wind picked up after ten o'clock.
(c) Our visitor picked up Kisukuma in two years.
(d) My cousin picked up bilharzia while swimming in the lake.
(e) The police picked him up at Nyegezi bus stand.

Kama umeandika "okota" mara tano, umepata alama moja tu, ile ya (a). Upepo katika (b) haukuokota kitu; uliongezeka nguvu. Mgeni wa (c) hakukiokota Kisukuma njiani. Alijifunza kwa kuishi na watu na kuwasikiliza. Binamu wa (d) aliambukizwa kichocho. Yule wa (e) alikamatwa. Maneno ni yaleyale mawili, maana ni tano, na bado hatujazimaliza.

Kosa hili lina chanzo. Wengi tulikutana na maneno haya shule ya msingi, chaki ilipodondoka na mwalimu akasema, "Pick up the chalk." Mwanafunzi mmoja akaokota, wengine wakaandika kwenye daftari kwamba "pick up" ni okota, somo likaisha. Tafsiri ile ilikuwa sahihi kwa chaki. Tatizo ni kwamba wengi huibeba hivyohivyo hadi kidato cha nne, na huko hukutana na kifungu cha ufahamu kinachosema biashara "picked up", wakashangaa biashara iliokota nini.

Katika vitabu vya Kiingereza vitenzi vya aina hii huitwa "phrasal verbs". Kitenzi kifupi cha kila siku, kama "pick", "take", "turn" au "put", hufuatwa na neno dogo kama "up", "off" au "out", na mawili hayo yakikaa pamoja huzaa maana ambayo huwezi kuipata kwa kuyatafsiri moja moja. "Pick" peke yake ni chagua au chuma. Wakulima wa Magu na Kwimba "pick cotton", yaani wanachuma pamba ikiwa bado kwenye mche. Ukiandika kwamba "they pick up cotton", umewainamisha waokote pamba iliyoanguka chini. Neno moja dogo limebadilisha kazi nzima ya shambani.

Usidhani Waingereza peke yao ndio wenye visa hivi. Chukua kitenzi chetu "piga". Tunapiga simu, tunapiga pasi, tunapiga picha, tunapiga kura, tunapiga mbizi, tunapiga chafya. Mtoto wa Ukerewe akisema kaka yake anapiga kasia, hakuna anayefikiri kasia linachapwa. Kwa nini hukosei hapo? Kwa sababu hulisikilizi neno "piga" peke yake. Sikio lako linasubiri neno linalofuata, ndipo akili inachagua maana. Uwezo huo unao tayari, na hukufundishwa na mtu darasani. Unachotakiwa kufanya katika chumba cha mtihani ni kuutumia kwenye Kiingereza: acha kulikodolea macho "pick up", tazama majirani zake. Nani anafanya, na anafanya kwa nini au kwa nani?

Anza na swali hili: je, kitenzi kina shamirisho? Yaani, kuna kitu au mtu anayetendewa?

Kama hakuna shamirisho, maana mara nyingi ni kuongezeka, kuimarika au kuwa bora zaidi. Hili ndilo kundi linalowaangusha watahiniwa wengi, kwa hiyo tukae hapa kidogo. Rudi kwenye upepo. Umesoma katika Jiografia kwamba mchana nchi kavu hupata joto haraka kuliko maji. Hewa yenye joto juu ya nchi kavu hupanda, na hewa ya baridi zaidi kutoka juu ya ziwa huja kuchukua nafasi yake. Ndiyo maana asubuhi Ziwa Victoria huweza kuwa limetulia kama maji ya kwenye beseni, na jua likishapanda upepo ukaanza kuvuma kuelekea ufukoni. Mwingereza akitaka kusema kwamba upepo huo umeanza kupata nguvu, atasema "the wind is picking up". Hasemi umeokota nini, kwa sababu haujaokota kitu.

Sasa fikiria taarifa ya hali ya hewa iliyoandikwa kwa Kiingereza: "Winds are expected to pick up in the afternoon." Kwa mtu anayejiandaa kuvuka kwa mtumbwi, sentensi hiyo ni onyo. Inamwambia kwamba ukimya wa asubuhi hautadumu, na kwamba safari ya kurudi huenda ikawa ngumu kuliko ya kwenda. Anayejua maana ya okota peke yake ataisoma hadi mwisho na asione onyo lolote. Katika mtihani atapoteza alama moja au mbili. Ziwani hasara yake haihesabiwi kwa alama.

Biashara nayo "picks up". Wavuvi wa dagaa hufanya kazi usiku kwa taa, na mwanga wa taa huvuta dagaa vizuri zaidi giza likiwa totoro. Mbalamwezi ikiwa kali, taa hazina nguvu sana, wavuvi wengi hupumzika, na soko hupungukiwa. Giza likirudi, mzigo unarudi. Hapo unaweza kuandika: "Trade at Mwaloni picks up when the nights are dark." Kwa Kiswahili tungesema biashara inachangamka. Ukiulizwa maana yake kwa Kiingereza, andika "improves" au "increases". Mgonjwa pia "picks up": "She was very weak last week, but she is picking up now." Anapata nafuu. Tazama kwamba kote huku hakuna shamirisho.

Kuna mahali ambapo wazo la kuongezeka linakuja pamoja na shamirisho, mfano neno "speed". "The ferry picked up speed after leaving Kamanga." Kivuko kiliongeza mwendo. Ukikariri kanuni yangu ya shamirisho bila kufikiri, sentensi hii itakukamata, kwa hiyo iweke akilini peke yake.

Tuje kwa watu. Shamirisho ikiwa mtu, uliza aliyetenda ni nani. "My uncle will pick me up at the airport" maana yake mjomba atakuja kunichukua. "The daladala stopped at Buzuruga to pick up passengers": ilisimama kupakia abiria. Kiingereza rahisi cha maana hizi mbili ni "collect", na kwa abiria unaweza kusema pia "take on board". Mtoto mdogo akilia, mama "picks him up". Hapo ni kumnyanyua au kumbeba, na neno la Kiingereza la kueleza ni "lift". Polisi wakiwa ndio watendaji, kama katika sentensi (e), maana inageuka kuwa "arrest", japo lugha ni ya mazungumzo zaidi. Muktadha unaweza kuibadilisha tena: kama polisi huyo ni baba yako na amekuja kukuchukua stendi baada ya kufunga shule, hakuna aliyekamatwa.

Waokoaji wakiwa ndio watendaji, maana ni kumtoa mtu hatarini. Meli ya MV Bukoba ilizama tarehe 21 Mei 1996 ikiwa inakaribia Mwanza, na mamia ya watu walipoteza maisha. Ukisoma kuhusu siku hiyo kwa Kiingereza unaweza kukutana na sentensi kama "Rescuers picked up survivors from the water." Ieleze kwa "rescued". Kwa Kiswahili andika kwamba waokoaji waliwaokoa manusura majini. Neno "opoa" nalo lina maana ya kutoa kitu majini, lakini katika habari za ajali tumezoea kulisikia likitumika kwa miili, na msomaji wa tafsiri yako anaweza kudhani hao hawakupona. "Okota" hapa ingekuwa mbaya zaidi. Mtu aliyenusurika haokotwi kama gamba la konokono. Nimelieleza jambo hili kwa kirefu kwa sababu tafsiri ya neno moja inaweza kumkosea heshima mtu aliyepatwa na msiba, hata kama sarufi yako haina doa.

Kuna pia maana ya mtaani ya kumtongoza mtu usiyemfahamu. Ijue ili usipotee ukikutana nayo katika riwaya, lakini usiipeleke kwenye barua ya kuomba kazi.

Shamirisho ikiwa lugha, ujuzi au tabia, maana ni kujifunza bila kufundishwa rasmi. Familia ya Wasukuma ikihamia Ukerewe, watoto wanaweza kuanza kuongea Kikerewe au Kijita kwa kucheza na wenzao, kabla wazazi hawajajua kusalimia. "The children picked up Kikerewe from their friends." Neno la Kiingereza la kueleza ni "learned", na ukitaka jibu lililokamilika ongeza "without being taught". Msahihishaji huona tofauti. Kwa hiyo usiandike "I picked up Chemistry from my teacher for four years", kwa sababu hapo ulifundishwa darasani kwa mpangilio. Tabia mbaya nazo huingia kwa njia hii: "He picked up bad habits from his roommates."

Ugonjwa uko karibu sana na maana hiyo, maana nao mtu huupata bila kukusudia. Vijidudu vya kichocho huishi kwanza ndani ya konokono wa majini, kisha hutoka na kuingia mwilini kwa kupenya ngozi ya mtu aliyeingia majini kuoga, kuogelea, kuvua au kufua. Mara nyingi mtu havihisi vikiingia. "People pick up bilharzia through contact with infested water." Eleza kwa "catch", "contract" au "get". Kiswahili ni kuambukizwa au kupata. Zingatia kwamba kuna njia moja tu ya kusema: mtu ndiye kiima na ugonjwa ndio shamirisho. Ukigeuza na kuandika "Bilharzia picked up my cousin", umeandika kwamba kichocho kilikwenda na gari kumchukua binamu yako.

Maana zilizobaki hazihitaji maelezo marefu. Simu ikiita, "pick up the phone" ni kupokea, yaani "answer". Redio "picks up a station" maana yake inanasa kituo, na neno la kueleza ni "receive". "Pick up the bill" ni kulipa gharama kwa niaba ya wengine. "Please pick up some bread on your way home" ni kupitia dukani ununue mkate; hapa wengi huandika okota, na mkate wa kuokota njiani sidhani kama kuna mtu nyumbani atautaka. Mwalimu akisema "Let us pick up where we stopped yesterday", anataka muendelee pale mlipoishia. Mwisho kuna umbo lenye maneno matatu, "pick up on", ambalo ni kung'amua jambo lisilosemwa waziwazi: "She picked up on his fear." Hilo "on" likiwepo, jibu lako liwe "noticed".

Sasa sarufi, kwa sababu maswali ya kuandika upya sentensi hupenda kupima hapa. Shamirisho ikiwa nomino, una uhuru wa kuiweka baada ya "up" au katikati. "Pick up the net" ni sahihi, na "Pick the net up" ni sahihi. Shamirisho ikiwa kiwakilishi, uhuru huo hakuna. Kiwakilishi lazima kikae katikati: "Pick it up", "They picked us up", "I will pick her up." Ukiandika "I will pick up her", alama imekwenda. Isome kwa sauti mara kumi ukiwa unaosha vyombo hadi sikio lako lenyewe likatae umbo lile jingine.

Wakati uliopita, "-ed" inakaa kwenye "pick". Tunasema "picked up", na wala si "pick upped", ambayo huandikwa na watu wenye haraka. Katika kauli ya kutendwa, "up" haidondoki: "The survivors were picked up by a boat." Watahiniwa wengi huliacha neno hilo dogo wakidhani halina kazi, kumbe "were picked" pekee ni walichaguliwa. Hebu irudie sentensi ile ya manusura bila "up" uone ilivyokuwa ya ajabu.

Na pikapu je? Gari lenye sehemu wazi ya mizigo nyuma, tunaloliita pikapu, limepata jina lake kutoka kwenye maneno haya. Kwa Kiingereza nomino hiyo huandikwa kwa neno moja, "pickup", au kwa kistari, "pick-up". Kitenzi kinabaki maneno mawili. Kwa hiyo "The pickup came to pick up the fish" ni sentensi sahihi: pikapu ilikuja kuchukua samaki. Ukiunganisha kitenzi kuwa neno moja, umefanya kosa la tahajia.

ZOEZI

Soma kifungu hiki mara mbili. Kisha eleza maana ya "pick up" katika kila sentensi yenye namba, kwa Kiingereza, ukitumia neno moja au mawili. Baada ya hapo jibu maswali (vii) na (viii).

Juma grew up in Misungwi, but he (i) picked up fishing from his cousins in Ukerewe. One morning they went out to check their nets. At noon the wind (ii) picked up and water began to enter the boat. Juma called his aunt, but she did not (iii) pick up. A passing boat saw them and (iv) picked them up. On the way to the shore the boat (v) picked up speed because the sky was dark. His aunt (vi) picked up on his silence that evening and asked no questions.

(vii) Andika upya sentensi hii ukitumia kiwakilishi badala ya "the two boys": The boat picked up the two boys.

(viii) Andika upya sentensi ya (vii) ukianza na: The two boys…

Funika majibu yaliyo hapa chini kwa daftari lako hadi umalize.

MAJIBU

(i) "Learned". Shamirisho ni "fishing", ambayo ni ujuzi, na aliupata kwa ndugu zake bila darasa. Aliyeandika "started" hajakosea sana, lakini "from his cousins" inaonyesha kwamba maana inayotakiwa ni kujifunza.

(ii) "Increased" au "became stronger". Hakuna shamirisho. Aliyeandika "lifted" arudi kusoma sehemu ya upepo.

(iii) "Answer". Neno "phone" halijatajwa, lakini "called" imetangulia, nayo inatosha. Andika "answer" na wala si "answered", kwa sababu baada ya "did not" kitenzi hakichukui "-ed". Msahihishaji atakuwa na haki ya kukukata hapo.

(iv) "Rescued". "Collected" ingefaa kwa abiria waliokuwa wakisubiri kituoni. Hawa walikuwa kwenye mtumbwi unaoingia maji.

(v) Hapa "went faster" haikai vizuri mahali pa "picked up", kwa sababu "speed" imeshatajwa. Andika "gained" au "increased". Ukieleza kirai chote, "went faster" ni jibu zuri.

(vi) "Noticed". Neno "on" ndilo lililokuonyesha njia. Ukiandika "heard", umekosa, maana ukimya hausikiki; shangazi aliung'amua.

(vii) The boat picked them up.

(viii) The two boys were picked up by the boat. Kama umeandika "was picked up", kumbuka kwamba wavulana ni wawili. Kama umeandika "were picked by the boat", mtumbwi umewachagua na kuwaacha majini.